KRIMU YA USO ILIFIKA, DAWA YA WENGU BADO

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nimeitumia katika insha tangu shule ya msingi kwa sababu walimu huiwekea alama nzuri. Lakini nakiri mbele yenu kwamba sikuijua maana yake hasa mpaka likizo ya Agosti mwaka juzi, mdogo wangu alipougua.

Alikuwa na umri wa miaka saba. Homa ilimshika, ikamwachilia, ikamshika tena. Tulimnunulia dawa za malaria dukani mara mbili. Homa ikapoa, siku nne baadaye ikarudi. Alikonda hata mbavu zikahesabika, lakini tumbo likawa linavimba upande wa kushoto kana kwamba amemeza jiwe. Nyanya akashauri achomwe tumboni kwa chuma cha moto kama walivyofanyiwa watoto wa zamani. Mama akakataa katakata. Kituo cha kwanza tulichofika tuliambiwa, "Dawa imekwisha, jaribuni kwingine." Tulipofika huko kwingine, tone moja la damu lilitoa jibu: ni kalaazari.

Tiba yenyewe ilikuwa ya siku 17, sindano mbili kila siku. Mama hakusoma sana, lakini hisabati ya taabu anaijua. Alitia punje 34 za mahindi ndani ya kikopo cha majani ya chai, na kila jioni akatoa mbili. Mdogo wangu alikuwa akikitazama kikopo kile kama mfungwa anavyotazama kalenda. Kufikia siku ya kumi, akimwona mtu yeyote aliyevaa koti jeupe alianza kulia. Siku tuliyomruhusu kutembea mpaka sokoni alimlilia hata mwuza nyama!

Alipona, namshukuru Mungu na wale masista waliomhudumia kwa moyo. Siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu niliporudi shuleni nilikuwa na swali moja ambalo halikuniacha nilale: dawa ipo, inajulikana, kwa nini basi iingie mwilini kwa taabu hivi?

Nilimwuliza mwalimu wetu wa baiolojia. Yeye hakunijibu pale pale. Wiki iliyofuata aliniletea makaratasi kadhaa na kuniambia, "Soma haya, kisha uje unieleze wewe." Ndimo nilimokutana na neno niosomu. Mwanzoni nilicheka, maana nililisoma kama "nisome". Basi nikalisoma, na maoni yangu baada ya kulisoma ndiyo haya: sisi tumezoea kuuliza kama dawa ipo, tukasahau kuuliza inasafiri ndani ya chombo gani. Chombo kizuri kilikwisha kubuniwa, kikajaribiwa kwa ugonjwa wetu huu huu tangu mwaka 1986. Lakini chombo hicho kiliufikia uso wa mtu tajiri kabla hakijaufikia wengu wa mtoto wa mchungaji. Naona si haki, na naona tutalala sana tukiendelea kungoja wengine watubebee.

Nisije nikawaacha nyuma, wacha kwanza nieleze ugonjwa wenyewe. Kalaazari husababishwa na vimelea vidogo mno viitwavyo leishmania. Anayevieneza ni usubi, kijidudu kidogo kuliko mbu, kisicho na kelele. Huku kwetu usubi huyu hupenda kujificha katika mashimo na nyufa za vichuguu, na juu ya vichuguu ndipo watoto wachungao mbuzi hupenda kuketi jioni wakihesabu mifugo. Kwa hiyo ugonjwa huu unajua kuchagua. Haumfuati mtu wa ghorofani, humfuata mchungaji. Baringo, Turkana, Pokot Magharibi, Marsabit, Isiolo, Wajir na Garissa wanaujua vizuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 50,000 na 90,000 huambukizwa kila mwaka duniani, na kwamba wasiotibiwa hufa katika visa zaidi ya 95 kati ya 100. Hili si gonjwa la kuchezea.

Sasa sikilizeni ujanja wa vimelea hivi. Mwilini tuna seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kinachoingia. Tuziite seli-askari. Bakteria wengi wakimezwa na askari hawa husagwa wakaisha. Leishmania akimezwa hafi. Hukaa humo humo tumboni mwa askari, akala, akazaana, mpaka askari akapasuka na watoto wa leishmania wakamezwa na askari wengine. Askari hawa wamejaa katika ini, wengu na uboho wa mifupa, ndiyo sababu wengu huvimba. Hapo ndipo nilipoielewa ile methali. Kikulacho ki nguoni mwako, tena katika nguo za askari wako mwenyewe!

Je, dawa? Mdogo wangu alidungwa dawa mbili. Ya kwanza ina madini ya antimoni ndani yake na huitwa sodiamu stibogulukoneti. Imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1940. Ya pili ni paromomaisini. Zamani mgonjwa alidungwa ile ya kwanza peke yake kwa siku 30. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba Afrika Mashariki itumie zote mbili pamoja kwa siku 17. Hiyo ni nafuu kubwa na hatuna budi kushukuru. Lakini antimoni si mchezo. Yaweza kudhuru moyo, ini na kongosho. Isitoshe, ikidungwa huenea mwili mzima, na figo huitoa upesi. Sehemu kubwa ya dawa ya leo huwa imetoka na mkojo kabla ya kesho. Ndiyo maana lazima idungwe tena na tena. Ni sawa na kumwagilia shamba zima ndoo baada ya ndoo ili mche mmoja ulio pembeni upate kikombe kimoja.

Mkulima mwerevu angefanya nini? Angetia maji katika mtungi na kuupeleka mpaka kwenye shina. Mtungi huo ndio niosomu.

Wanafunzi wenzangu wa Kidato cha Nne, mnakumbuka somo la sabuni? Mwalimu wa kemia alituchorea molekuli ya sabuni ikiwa na kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaopenda mafuta. Sisi tuliichora, tukafunga madaftari, tukaenda kufua soksi. Kumbe hapo ndipo mlango ulipokuwa. Zipo molekuli za ukoo huo huo wa sabuni ambazo vichwa vyake havina chaji yoyote ya umeme, si chanya wala si hasi. Ukizitia majini kwa njia ifaayo hazitoi povu tu. Hujipanga tabaka mbili, mikia ikielekeana ndani kama watu wanaokimbia mvua, vichwa vikibaki nje kugusa maji. Kisha tabaka hilo hujikunja na kujifunga likawa kifuko cha mviringo chenye maji katikati. Kifuko hicho kikiwa kimetengenezwa kwa molekuli zisizo na ioni huitwa niosomu. Sehemu ya mwisho ya jina imetokana na neno la Kigiriki soma, maana yake mwili.

Ukubwa wake? Vipo vya nanomita 100 hivi. Ukivipanga kimoja kando ya kingine, utahitaji 10,000 ndipo ujaze milimita moja ya rula yako.

Na uzuri wake ni kwamba kifuko hiki hubeba abiria wa aina mbili kama matatu. Dawa inayoyeyuka majini huketi ndani, katika yale maji ya katikati. Dawa inayopenda mafuta hujibana katika ukuta, baina ya ile mikia. Kolesteroli huongezwa ili ukuta uwe imara usivuje, kama fito zinavyoshika udongo wa nyumba.

Namna ya kuvitengeneza niliisoma mara tatu kwa kutoamini ilivyo nyepesi kueleweka. Unayeyusha zile molekuli pamoja na kolesteroli katika klorofomu ndani ya chupa ya mviringo. Chupa huzungushwa huku klorofomu ikivukizwa mpaka ibaki ngozi nyembamba imeganda ukutani mwa chupa, kama ukoko wa uji kwenye sufuria. Kisha unatia maji ya vuguvugu yenye dawa na kutingisha. Ule ukoko unabanduka, unajikunja, na unapojifunga unameza dawa. Vifuko tayari! Vikiwa vikubwa mno hupunguzwa kwa mawimbi ya sauti au kwa kuvipitisha katika chujio lenye matundu madogo sana.

Na malighafi? Moja inayotumika sana ni sorbitani monostearati, ambayo wauzaji wa kemikali huiita Span 60. Msidhani ni kitu cha ajabu kutoka mwezini. Siku moja jikoni chukua pakiti ya hamira kavu, ile ya mandazi, usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi utaikuta imeandikwa hapo, au utaona namba yake, E491. Yaani kitu ambacho twakila katika mandazi ndicho kinachoweza kujenga chombo cha kubebea dawa.

Sasa tuirudie kalaazari, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Vifuko hivi vikiingia katika damu, nani huviona kuwa ni kigeni na kuvimeza? Ni wale wale seli-askari wa ini na wengu! Wataalamu wanaotibu saratani hulalamika sana juu ya ulafi wa seli hizi, kwa maana humeza vifuko vyao kabla havijafika kwenye uvimbe, hata wakalazimika kuvifunika ili visitambulike. Lakini kwetu ulafi huo ni baraka. Askari anameza kifuko akidhani amemkamata mgeni, kifuko kinapasuka tumboni mwake, na dawa inamwagika pale pale alipojificha leishmania. Adui anafuatwa kwa njia ile ile aliyoingilia. Ama kweli dawa ya moto ni moto.

Jambo hili si ndoto yangu. Mwaka 1985 wanasayansi wa Glasgow, Uingereza, akina Baillie na Florence, walichapisha habari za kutengeneza niosomu na tabia zake. Mwaka 1986 Baillie na wenzake, Coombs, Dolan na Laurie, wakachapisha matokeo ya kuitia sodiamu stibogulukoneti, dawa ile ile ya mdogo wangu, ndani ya niosomu na kuwapa panya wenye leishmania. Dawa iliyobebwa ilifanya kazi vizuri kuliko dawa tupu. Utafiti ukaendelea huko miaka ya 1990, na kufikia 2003 yalikuwa yamechapishwa matokeo ya majaribio kwa mbwa. Hesabu mwenyewe: toka panya hadi mbwa, miaka 17. Na tiba ambayo mdogo wangu alipewa haikuwa ndani ya kifuko chochote.

Wakati huo huo krimu za uso zilikuwa wapi? Jamani, zilikuwa zimekwisha fika dukani! Walioanza kuvichunguza vifuko hivi miaka ya 1970 walikuwa watafiti wa L'Oréal, kampuni ya vipodozi ya Ufaransa. Katika miaka ya 1980 Lancôme, ambayo ni ya kampuni hiyo, ilikuwa inauza krimu ya kuzuia makunyanzi, tena kwa jina la Niosôme. Siwalaumu. Walikivumbua kwa fedha zao, na mwenye biashara hufuata mnunuzi. Mwanamke wa Paris anayeogopa makunyanzi ana pesa mkononi. Mtoto anayekaa juu ya kichuguu hana. Lakini nitakuwa mnafiki nikisema hainiumi kwamba makunyanzi yalipewa chombo kabla ya kifo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Najua wapo watakaonipinga, na mjadala bila mpinzani ni mahubiri. Wacha niwajibu mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza atasema, "Mbona kipo chombo kingine tayari?" Ni kweli. Ndugu mkubwa wa niosomu ni liposomu, kifuko kilichotokana na kazi ya Alec Bangham huko Cambridge katika miaka ya 1960. Hutengenezwa kwa mafuta ya aina ya yale yaliyomo katika kiini cha yai. Dawa iitwayo AmBisome, ambayo ni amfoterisini ndani ya liposomu, ilikubaliwa Marekani mwaka 1997, na inaponya kalaazari. Lakini mafuta hayo huharibika upesi kwa hewa na joto, na ni ghali kuyasafisha. AmBisome yenyewe haitakiwi kuwekwa mahali penye joto linalozidi nyuzi 25. Nani amewahi kukaa Marigat saa nane mchana? Huko joto hupita nyuzi 30, na umeme ukipotea, friji ya zahanati inakuwa kabati. Bei nayo ililazimu Shirika la Afya Duniani kukaa na mtengenezaji mwaka 2007 ili ipunguzwe kwa nchi maskini, na mwaka 2011 mtengenezaji akakubali kutoa chupa 445,000 bila malipo. Sadaka ni njema, nasi tunasema asante. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Molekuli za niosomu ni rahisi kwa bei na haziharibiki upesi kama mafuta yale. Kwa nchi yenye jua kama yetu, naona hicho ndicho chombo cha kufuatilia.

Huyo huyo wa kwanza nina neno jingine naye. Mwaka 2010 ilichapishwa habari kwamba huko India dozi moja tu ya AmBisome iliponya wagonjwa zaidi ya 95 kati ya 100. Kila mtu alishangilia. Mwaka 2014 yakachapishwa matokeo ya jaribio la dozi moja Afrika Mashariki, na hapa kwetu haikutosha, jaribio likasimamishwa. Vimelea ni vya jamii moja, dawa ni ile ile, jibu tofauti! Fundisho ni gani? Kwamba chombo kilichopimwa kwa jirani hakitatufaa mpaka tukipime sisi wenyewe. Hakuna atakayetufanyia hesabu hiyo.

Wa pili atasema, "Dawa za kumeza zinakuja, achana na vifuko." Huyu nampa heshima kubwa. Katika majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia, na kutangazwa mwaka 2022, miltefosini ya kumeza pamoja na sindano za paromomaisini kwa siku 14 iliponya wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10. Tena taasisi yetu ya KEMRI ni miongoni mwa waanzilishi wa shirika lililoongoza kazi hiyo, DNDi, lililoundwa mwaka 2003. Hongera kwao, na huo ndio ushahidi kwamba tunaweza! Hata hivyo hesabu: siku 14 bado ni sindano 14. Na miltefosini hutapisha, wala haifai kwa mama mjamzito kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo swali la chombo halijafa.

Wa tatu ndiye mgumu zaidi, naye ni mwalimu wetu wa baiolojia mwenyewe. Nilipomaliza kumweleza kwa furaha alisema, "Vizuri. Sasa niambie ubaya wake." Nikakwama. Nilirudi maktaba. Ubaya upo. Vifuko vikikaa majini muda mrefu hushikana, huungana na kuvuja dawa njiani. Molekuli za ukoo wa sabuni zikizidi kipimo zinaweza kupasua chembe nyekundu za damu, kwa hiyo si kila aina inafaa kudungwa. Na panya si mtu. Dawa ngapi zimemponya panya zikashindwa kwa binadamu?

Hayo yote nayakubali. Lakini hata ubaya umeanza kutafutiwa dawa. Mwaka 1999 Hu na Rhodes waliandika juu ya proniosomu, yaani niosomu zilizohifadhiwa zikiwa unga mkavu. Unga hauvuji wala haushikani kama maji. Wakati wa kutumia, unatia maji ya moto, unatingisha, na vifuko vinajiunda. Mpenzi msomaji, hii si ni kama unga wa uji wa mtoto? Mama yeyote wa Kenya anaijua kazi hiyo. Fikiria dawa inayosafiri juu ya pikipiki mpaka Loiyangalani ikiwa unga, bila barafu. Najua kati ya kufikiria na kufika kuna miaka ya kazi. Lakini debe halijazwi kwa kulitazama.

Basi baada ya kulalamika, nitoe mapendekezo, maana mlalamikaji bila pendekezo ni debe tupu.

Kwanza, kwa wakubwa wetu wenye vyuo vikuu na maabara. Naomba kalaazari ipewe nafasi ya mbele katika utafiti wa vyombo vya kubebea dawa. Msingoje kampuni ije kutafuta faida Baringo, haitakuja. Malighafi za kazi hii si dhahabu, na ugonjwa uko hapa hapa nyumbani. Mgonjwa wetu asiwe wa mwisho kwenye foleni ya elimu iliyotafutwa kwa ajili ya ugonjwa wake.

Pili, kwa walimu wetu wapendwa wa kemia na baiolojia. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba somo la sabuni lisiishie kwenye povu na maji magumu. Dakika tano tu za kusema "molekuli hizi hizi zaweza kubeba dawa" zingemwamsha mwanafunzi aliyelala dawati la nyuma. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilidhani sayansi ni mambo ya kukariri ili mtihani upite, mpaka sayansi ilipomgusa mtu wa nyumbani.

Tatu, kwetu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili. Kuna rafiki yangu aliyeniambia, "Wewe, mambo ya niosomu huwezi kuyaandika kwa Kiswahili. Lugha haitoshi." Nilimwuliza, "Mama yako atayasikia kwa lugha gani?" Akanyamaza. Yule sista alipomweleza mama yangu ugonjwa, alimweleza kwa Kiswahili, na mama akaelewa, akajua kumkatalia nyanya kwa heshima. Elimu ikikaa katika lugha ambayo mgonjwa haijui, nayo ni dawa iliyokosa chombo. Hivyo napendekeza kila toleo la jarida letu liwe na ukurasa mmoja wa sayansi kwa Kiswahili, tubuni maneno, tuyajaribu, walimu watusahihishe. Mimi nimeanza na vifuko, seli-askari na ukoko wa chupa. Kama una maneno bora, yalete. Sitakasirika.

Na kwa wale mnaotoka sehemu zenye vichuguu, nina ombi moja la haraka lisilongoja maabara. Mkienda likizo, mkiona mtoto mwenye homa ya wiki mbili, amekonda na tumbo limevimba kushoto, msimwache wamchome chuma wala msimnunulie dawa ya malaria mara ya tatu. Mpelekeni apimwe kalaazari. Tone moja la damu latosha.

Namalizia hapo nilipoanzia. Kikopo kile cha majani ya chai bado kipo juu ya rafu nyumbani, na mama hajakubali kitupwe. Huwa nikikitazama najiuliza ni nani kati yetu tunaokaa madawati haya atakayefanya siku moja mama mwingine, huko Turkana au Wajir, ahitaji kutia ndani yake punje tano tu badala ya 34. Chombo cha kuzama hakina usukani, lakini hiki hakijazama. Kimeegeshwa tu, kinangoja mabaharia.

Wasalaam.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Nne.